Zamu za masaa 8 au za masaa 12? Kwa wale walioletewa karatasi ya rosta wachague

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kazini, nesi wa mwaka wa pili, alinijia na karatasi mkononi. Wodi yao wameambiwa wapige kura, wabaki na zamu tatu za masaa nane nane au wahamie kwenye mbili za masaa kumi na mbili, na jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Akaniuliza, dada we umefanya zote, ipi inachosha kidogo? Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie, manake hili jambo nimelibeba mwilini miaka kumi na moja, sita ya masaa nane na mitano ya masaa kumi na mbili, na sikutaka nimjibu tukiwa tumesimama kwenye korido huku kengele ya kitanda inalia. Nilichomwandikia nimekirefusha kidogo, ndo hiki.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa ili usisome ukiwa unakisia. Masaa nane ni bora kwa mwili wako na kwa mgonjwa, LAKINI kama tu rosta, yaani ratiba ya zamu, haikurudishi kazini kabla hujapumzika masaa 11 au 12 kamili. Kama hiyo rosta ya masaa nane ina ile tabia ya kukutoa saa tano usiku halafu saa moja asubuhi uko tena wodini, basi ya masaa kumi na mbili, ya siku tatu kwa wiki na naiti (zamu za usiku) zisizozidi mbili tatu mfululizo, itakuacha mzima zaidi. Kwa hiyo wanaobishana nane au kumi na mbili mara nyingi wanabishana juu ya namba isiyo na uzito, cha kuhesabu ni masaa yaliyo KATI ya zamu na zamu, halafu naiti ngapi zimefuatana.

Kwenye karatasi na wodini

Ya masaa nane iko hivi: asubuhi saa moja hadi saa tisa alasiri, mchana saa tisa hadi saa tano usiku, naiti saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Siku tano kwa wiki, masaa 40. Ya masaa kumi na mbili: saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, mwenzako anapokea hadi saa moja asubuhi. Siku tatu kwa wiki, masaa 36, sehemu nyingine wanakuongezea siku ya nne kila baada ya muda fulani ili hesabu ikae sawa.

Ukiiangalia hivyo ya kumi na mbili inavutia sana, siku nne za kukaa nyumbani nani hataki. Na kweli watu wanaipenda. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2012, uliangalia manesi wa majimbo manne, zaidi ya asilimia 80 walisema wameridhika na mpangilio wa zamu zao, ila hao hao, waliokuwa wanafanya zamu za masaa kumi na kuendelea walikuwa na uwezekano wa hadi mara mbili na nusu zaidi wa kuwa wamechoka kupitiliza na kuichukia kazi kuliko wa zamu fupi. Na kadiri hospitali ilivyokuwa na manesi wengi wa zamu za zaidi ya masaa kumi na tatu ndivyo wagonjwa walivyozidi kulalamika. Mi niliposoma hilo nilinyamaza muda mrefu, manake lilikuwa linanielezea mimi. Miaka mitano nilikuwa naitetea zamu yangu mbele ya kila mtu, naitetea kwa sababu ya zile siku za mapumziko, na siku ya kwanza ya mapumziko yote nilikuwa nailala kama mgonjwa, ya pili nafua na kupanga nyumba nikiwa mzito kichwani, ya tatu ndo naanza kuwa mtu tena, ya nne nawaza kesho naingia.

Sasa shida kubwa ya kumi na mbili ni kwamba karibu haipo. Namaanisha hivi, nani anatoka saa moja kamili? Kuna handova, yaani kumkabidhi wagonjwa anayeingia, kuna kuandika ulivyovifanya tangu saa nane mchana ambavyo hukupata nafasi ya kuandika, kuna mgonjwa anayebadilika hali saa kumi na mbili na dakika hamsini na huwezi kumwacha hivyo. Kumi na mbili inakuwa kumi na tatu, na siku mwenzako akichelewa inakuwa kumi na nne. Na hapo ndo hatari ilipo. Utafiti mwingine wa huko huko Marekani, wa 2004, manesi 393 walikuwa wanaandika kwenye daftari kila zamu waliyofanya, zaidi ya zamu 5,000, na ikaonekana ukipita masaa kumi na mbili na nusu uwezekano wa kukosea, iwe dozi au utaratibu, unafika mara tatu ya kawaida. Zamu ya nane ikipitiliza saa zima unakuwa umefanya tisa, bado mwili una akiba. Ya kumi na mbili ikipitiliza saa zima umeshaingia kwenye eneo baya, haina pa kujinyoosha kabisa.

Kuna wataalamu wa Uingereza waliokusanya takwimu za ajali za kazini kutoka sekta mbalimbali, siyo hospitali peke yake, wakazichapisha 2003: zamu ya masaa kumi na mbili ina hatari ya ajali iliyo juu kwa asilimia 27 ukilinganisha na ya masaa nane. Zamu ya usiku iko juu kwa asilimia 30 kuliko ya asubuhi. Halafu naiti ya pili mfululizo hatari inapanda kwa asilimia 6 kuliko ya kwanza, ya tatu 17, ya nne 36. Hii ya mwisho ningependa kila inchaji, yaani mkuu wa wodi, aibandike ukutani pale anapopangia rosta, manake tunapangiwa naiti tano, sita, saba mfululizo kwa hoja kwamba "bora uzimalize", mimi mwenyewe nilikuwa naiomba hivyo. Mwili haumalizi kitu, unajikusanyia deni tu.

Mtego wa masaa nane

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Masaa nane yana mtego wake na ni mbaya sana kwa sababu hauonekani. Umetoka zamu ya mchana saa tano usiku, handova hadi saa tano na nusu, umefika nyumbani saa sita na robo, huwezi kuingia kitandani ukalala papo hapo, kichwa bado kiko wodini, umelala saa saba na nusu. Saa kumi na moja alfajiri alamu inalia manake saa moja uko zamu ya asubuhi. Umelala masaa matatu na nusu! Na kwenye karatasi ya muajiri unaonekana ulipumzika masaa nane kamili.

Nilikosea dozi katika siku ya namna hiyo. Sitataja wapi. Ilikuwa zamu ya asubuhi baada ya zamu ya mchana, dawa ya mtoto ya kupigia hesabu kwa uzito wa kilo, nikaweka nukta mahali siyo. Mwenzangu tuliyekuwa tunahakiki naye akaniambia tu kwa upole, sista hebu tuirudie hii, tukairudia, nikaona nilichokuwa nataka kumpa yule mtoto ni mara kumi ya anachotakiwa kupata. Hakikumfikia. Lakini mpaka leo nikiandika namba yenye nukta nasimama.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilishatoa mapendekezo ya wauguzi tangu 1977, Pendekezo namba 157, kwamba mtu apate mapumziko ya angalau masaa 12 kati ya zamu na zamu, na siku ya kazi pamoja na ovataimu isizidi masaa 12. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya muda wa kazi ya 2003 wameweka mapumziko ya masaa 11 kwa kila masaa 24 na wastani wa masaa 48 kwa wiki usizidi. Ukizichukua hizo namba mbili, 11 na 12, ukazipeleka kwenye rosta ya masaa nane inayogeuka kutoka mchana kwenda asubuhi, inafeli palepale. Ukizipeleka kwenye ya kumi na mbili inafaulu ila kwa kuning'inia, manake 24 ukitoa 12 zinabaki 12, ukichelewa kutoka kwa saa zima zimebaki 11, na katika hizo utoe usafiri, kuoga, watoto, kula.

Kwa hiyo linganisha hivi: masaa kumi na mbili yanakuchosha ndani ya zamu, masaa nane yaliyopangwa vibaya yanakuchosha kati ya zamu na zamu. La kwanza unalihisi miguuni siku hiyo hiyo, la pili linakuja polepole na utakuja kujishangaa baada ya miezi minne unalia kwenye chumba cha kubadilishia nguo bila sababu.

Sindano, mgongo, na barabara

Kwenye mambo ya kuumia kazini hapa ndo natamani mtu anisikilize vizuri.

Kujichoma sindano kuna saa zake. Utafiti wa madaktari wanaoanza kazi Marekani, 2006, ulionyesha usiku wanajichoma karibu mara mbili ya mchana, na baada ya zamu ndefu za kupitiliza siku nzima pia inaongezeka, na wenyewe walipoulizwa kwa nini, jibu lililoongoza lilikuwa kwamba akili ilihama kidogo, la uchovu lilikuwa la pili. Akili ilihama kidogo, hayo maneno ni ya kweli kabisa. Mimi nilijichoma saa kumi na moja na nusu alfajiri, naiti ya masaa kumi na mbili, ya tatu mfululizo, nimetoa kanula (mrija wa dripu) ya mgonjwa anayehangaika, sefti boksi, lile sanduku la kutupia sindano, iko hatua nne kutoka nilipo, nikasema ngoja nishike hiki kwanza. Hatua nne. Saa tatu usiku ningezitembea bila kufikiri.

Ukichomwa, kwa faida ya asiyejua: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kamue wala kunyonya, ripoti hapo hapo hata kama inchaji ana sura mbaya, na kama kuna uwezekano wa virusi vya UKIMWI dawa za kinga, PEP, zinaanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa 72 na siyo baada ya hapo, unazimeza siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa HIV kwa sindano ni mdogo, karibu 0.3 kwa mia, homa ya ini B ndo ya kuogopa zaidi, kwa ambaye hajachanjwa inafika kati ya 6 na 30 kwa mia kutegemea hali ya mgonjwa. Chanjo ipo, dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Nawajua watu walioko wodini miaka minane na hawajamaliza dozi ya tatu kwa sababu kila tarehe ya chanjo ilikuta wametoka naiti wamelala. Hilo nalo ni madhara ya rosta ingawa hakuna anayelihesabu.

Basi kwenye sindano nani anashinda? Nane, kwa sababu haikufikishi lile saa la kumi na moja la zamu ambapo mikono inafanya kazi bila kichwa. Lakini naiti ni naiti, iwe ya nane au ya kumi na mbili, ile saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri joto la mwili linakuwa chini kabisa na usingizi uko juu kabisa, hakuna ushujaa wa kuushinda. Kama rosta mpya inaruhusu mtu kujinyoosha dakika 20 hadi 30 usiku huku mwenzake anaangalia, hiyo ni pointi kubwa, iulize. Dakika ziwe hizo tu, ukilala saa zima ukaamshwa ghafla utaamka umepotea na utachukua muda kurudi.

Mgongo naupitia haraka kwa sababu rosta haiuokoi sana. Kunyanyua mgonjwa kwa mikono, wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wameweka kikomo karibu kilo 16 hata katika mazingira mazuri, sasa niambie mgonjwa mzima gani ana kilo 16. Kinachookoa mgongo ni shiti la kutelezesha, winchi ya kunyanyulia na watu wa kutosha. Tofauti ninayoweza kuithibitisha kwa mwili wangu ni kwamba kwenye kumi na mbili ule unyanyuaji wa saa kumi na mbili jioni, wa kuwageuza wote kabla ya handova, ndo ulionimaliza kiuno. Kwenye nane anawageuza mtu aliyeingia saa tisa akiwa na nguvu.

Barabara. Hapa watu wa kumi na mbili wana hoja nzuri: safari tatu kwa wiki badala ya tano. Ni kweli, unapunguza safari. Ila safari zenyewe zikoje? Watafiti wa Australia 1997 walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya vibaya kwenye vipimo kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, akifika masaa 24 ni kama 0.10, ambayo kwa nchi nyingi unashushwa kwenye gari. Sasa piga hesabu ya nesi wa naiti ya kwanza ya masaa kumi na mbili: kaamka saa mbili asubuhi kama binadamu wengine, mchana kajaribu kulala kashindwa, kaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi. Macho masaa 23. Na anashika usukani, au anapanda pikipiki, au anavuka barabara kwa miguu. Kwa madaktari wanaoanza kazi, baada ya zamu ya kupitiliza masaa 24, uwezekano wa ajali njiani kurudi nyumbani ulikuwa mara 2.3, na wa kukoswakoswa ni karibu mara 6, huo ni utafiti wa 2005.

Ukichagua kumi na mbili basi chagua na namna ya kurudi nyumbani siku za naiti. Kama unaendesha mwenyewe na unakaa zaidi ya nusu saa kutoka kazini mimi nakwambia bila kupepesa, chagua nane. Au lala kidogo kazini kabla hujaondoka, hata kama ni kwenye kiti.

Naiti za kudumu au za kuzunguka

Wodi nyingine zinaongeza chaguo la tatu, kwamba wachache wajitolee naiti za kudumu, wengine waachwe mchana. Wanaojitolea wengi ni akina mama wenye watoto wadogo, na sababu zao nazielewa kabisa, usiku wako kazini mchana wako na mtoto. Tatizo ni kwamba hapo usingizi umewekwa wapi? Anayelala mchana anapoteza masaa kadhaa ya usingizi kila siku ukilinganisha na wa usiku, hata nyumba ikiwa kimya, kwa sababu mwanga na joto la mwili vinamvuta aamke. Na ile imani kwamba mwili unazoea, wanaozoea kabisa kabisa, saa ya mwili ikageuka yote, ni chini ya 3 kati ya watu 100. Wengine wote wanaishi katikati, kila siku ya mapumziko wanarudi mchana na kuharibu kidogo walichozoea.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, mwaka 2007 liliweka kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa zinasababisha saratani, na 2019 wakakaa tena wakaliacha hapo hapo. Kundi hilo linasema ushahidi upo ila haujakamilika, halisemi ukifanya naiti utaumwa, kwa hiyo sitaki mtu apanik, ila mtu anayepanga kufanya naiti miaka ishirini anastahili kulijua hilo kabla hajasaini.

Kwa hiyo kati ya kudumu na kuzunguka mimi niko na kuzunguka, ila kwa haraka na kwa mbele. Kwa haraka yaani naiti mbili, tatu mwisho, halafu mapumziko. Kwa mbele yaani asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kama saa inavyozunguka, manake saa ya mwili ya watu wengi ni ndefu kidogo kuliko masaa 24 na ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Rosta ya nane ikienda mbele, ule mtego wa saa tano usiku na saa moja asubuhi unapotea wenyewe! Umetoka asubuhi saa tisa, kesho unaingia saa tisa, umepata masaa 24. Ni wino ule ule, mishale tu imegeuzwa, na sijui kwa nini wodi nyingi bado zinapanga kinyumenyume.

Za masaa 24 za madaktari sitazilinganisha, sioni cha kulinganisha. Libby Zion, binti wa miaka 18, alikufa New York 1984 akiwa chini ya madaktari wachanga waliokuwa kwenye zamu ndefu sana, baba yake akapigana, na 1989 jimbo likaweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki na 24 mfululizo. Baadaye 2004 kwenye wodi za wagonjwa mahututi za hospitali moja ya Boston wakajaribu kuwapunguzia madaktari zamu, wale wa mpangilio wa zamani walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi. Ukipewa onkoli (zamu ya kuitwa wakati wowote) ya masaa 24 kama chaguo, ikatae ukiweza.

Kitu ambacho karatasi haikuulizi

Mdogo wangu alipokuwa ananisomea ile karatasi nilimuuliza, kwenye kumi na mbili mtakuwa wangapi usiku? Hakujua. Haikuandikwa. Na mimi naona hilo lina uzito kuliko vyote nilivyosema hapo juu.

Kuhama kutoka zamu tatu kwenda mbili kunapunguza idadi ya watu wanaohitajika kwa siku moja, ndo maana uongozi mara nyingi unaipenda, na mara nyingine ule unafuu haurudi wodini, unaondoka. Utafiti mkubwa wa 2002, wa hospitali za Pennsylvania, ulipata kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa nesi kuchoka kupitiliza unapanda kwa asilimia 23. Mgonjwa mmoja tu! California wakaweka kikomo kwa sheria, ilianza kutumika 2004, nesi mmoja kwa wagonjwa wawili ICU (wodi ya mahututi), na wodi za kawaida wakafikia mmoja kwa watano. Sasa ukihama kutoka nane na wagonjwa wanane kwenda kumi na mbili na wagonjwa kumi na moja hujabadilisha rosta, umebadilisha kazi.

Na uchovu ninaousema hapa ni ule sugu, ambao WHO kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, imeuandika kama hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa, wala udhaifu wa mtu. Wametaja mambo matatu: nguvu zimeisha, moyo umejitenga na kazi au unaiona chukizo, na unajiona hufanyi kitu cha maana. La pili ndo linatupita bila kulijua. Ukianza kumuita mgonjwa kwa namba ya kitanda ukiwa unamuongelea na mama yake mzazi amesimama pale, au ukisikia kengele ukahisi hasira badala ya wasiwasi, usingoje fomu ya rosta. Ongea na mtu, omba likizo, omba kuhamishwa wodi. Mimi lilinikuta mwaka wa tisa na aliyeniona siyo inchaji, ni mama mfagiaji wa wodi yetu, aliniambia mwanangu siku hizi hucheki.

Basi ungekuwa wewe

Kama una mimba, au una kisukari, presha au kifafa, chagua nane na uombe kutolewa naiti, peleka barua ya daktari, usione haya. Kama unakaa mbali na kuna usafiri wa kazini unaokurudisha, na wodi ina watu, kumi na mbili inaweza kukufaa vizuri, hasa kama utazitunza zile siku za mapumziko. Na hapa naomba mnielewe, anayechukua kumi na mbili ili zile siku nne akafanye kazi sehemu nyingine amechukua kitu cha tatu kabisa. WHO na ILO 2021 walitoa hesabu yao, wanaofanya masaa 55 na zaidi kwa wiki hatari yao ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa masaa 35 hadi 40. Najua kwa nini watu wanafanya, mshahara hautoshi, sina ubavu wa kumlaumu yeyote. Ila ihesabu kama masaa 60 manake ndivyo mwili unavyoihesabu.

ICU na chumba cha dharura, nane. Kule akili haipumziki hata dakika, saa la kumi na moja pale ni tofauti na saa la kumi na moja kwenye wodi tulivu. Wodi ya wazazi sina uhakika wa moyo, nimeona wakunga wanaipenda kumi na mbili kwa sababu wanabaki na mama mmoja kuanzia uchungu hadi mtoto anatoka, na handova mbili badala ya tatu kwa siku ni nafasi chache za taarifa kupotea. Hiyo faida ni ya kweli na siwezi kuifuta.

Nilimtumia mdogo wangu maswali manne apeleke kwa inchaji kabla ya kupiga kura: tutakuwa wangapi usiku kwa wagonjwa wangapi, naiti ngapi mfululizo mwisho, nikichelewa kutoka kesho yake naingia saa ngapi, na nani ananishikia wodi nikijinyoosha dakika ishirini. Alhamisi jioni akanijibu. La kwanza wameambiwa watatu kwa wagonjwa 28, sasa hivi wako wanne. La pili naiti nne. La tatu inchaji alisema hilo halijafikiriwa. La nne alicheka.

Wodi nzima wameandika nane, na chini yake wameomba mchana usifuatwe na asubuhi.